Kabla hujanunua bastola ya risasi kubwa iliyotumika

Swali huja kwa sura mbalimbali, lakini ni lilelile. "Kaka, kuna mzee Mbezi anauza .44 yake, niichukue?" "Marehemu mjomba ameacha bastola kubwa ya zamani, tunaweza kubadilisha jina?" "Nimeletewa .45, bei imeshuka mno, ina kasoro gani?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nimeweka yote hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu "nachukua".

Ninaposema risasi kubwa namaanisha .357 Magnum kwenda juu (namba hizi hutaja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi, kwa makadirio): .44 Magnum, .45 ACP, .45 Colt, .454 Casull, .50 Action Express, .500 S&W Magnum. Wapo watakaosema .357 si kubwa kwa sababu kipenyo chake ni sawa na cha .38 Special. Kipenyo ndiyo, ila nguvu yake iko mbali sana na ya .38, na huchakaza chuma kwa namna ileile ya wakubwa zake. Nimeiacha ndani.

Jambo moja kuhusu mpangilio. Wanunuzi wengi huanza na chuma: wanaishika, wanaizungusha silinda, wanaipenda, halafu ndipo wanauliza karatasi. Hapa tunaanza na karatasi, kisha risasi, kisha wewe mwenyewe, chuma baadaye kabisa. Sababu ni kwamba Dar mpango wa kununua bastola kubwa ya mtumba mara nyingi hufia kwenye hatua mbili za kwanza, na kuikataa kabla hujaishika ni rahisi kuliko kuikataa ikiwa mkononi.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nakala ya leseni ya muuzaji, unayoweza kuisoma vizuri. Picha ya simu iliyopigwa gizani haitoshi.
- Jina kamili la risasi kama lilivyochongwa kwenye mtutu. Usipokee "ni arobaini na nne" ya mdomo.
- Kurunzi ndogo, karatasi nyeupe ya A4, kitambaa cha pamba na mafuta kidogo ya silaha.
- Fila geji, hiihii anayotumia fundi gari kupimia vali na plagi. Maduka ya spea yanazo.
- Risasi bandia za mazoezi za kipimo hicho, ukizipata.
- Miwani na vizibo vya masikio kwa ajili ya siku ya kupiga.
- Fundi wa silaha au duka lenye leseni, mahali ambapo ukaguzi utafanyika. Sebuleni kwa muuzaji hapafai, kwenye gari ndiyo kabisa.

Hatua ya 1: Karatasi

Silaha za kiraia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huhitaji kuikariri. Unachohitaji kushika ni kwamba leseni huandikwa kwa jina la mtu na kwa silaha mahususi: aina yake, kipimo chake, namba yake. Leseni yako ya shotgun haikupi ruhusa ya kubeba bastola, na leseni ya muuzaji haikulindi wewe hata kwa safari ya kutoka Tegeta mpaka Mwenge.

Kwa hiyo fanya hivi:

a) Linganisha namba iliyo kwenye leseni na iliyo kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi. Kwenye revolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi, namba ya fremu (mwili wa bastola) ndiyo yenye uzito. Nyingine zilizochongwa kwenye sehemu ndogo zinaweza kuwa namba za kiwandani za kuunganishia tu.

b) Angalia kama leseni iko hai na ada imelipwa. Kama muuzaji alikuwa anaimiliki mwaka 2016, muulize kama aliipeleka kwenye uhakiki wa silaha wa mwaka ule. Mmiliki makini hukumbuka foleni ile. Anayebabaika, mwache abaki na kitu chake.

c) Nenda polisi na muuzaji, uliza utaratibu wa kuhamisha umiliki wa silaha hiyo hasa. Maombi yako yataanzia serikali ya mtaa, yatapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, yatapanda kwa polisi wa wilaya na mkoa hadi kwa Msajili wa Silaha. Wataangalia umri, rekodi ya jinai, afya ya akili na kama unajua kutumia silaha. Inachukua muda. Muuzaji anayesema "hilo tutalimaliza haraka, nina mtu" anakuuzia kesi.

d) Silaha ibaki kwa mwenye leseni au polisi mpaka kibali kitoke. Usiichukue "ukaijaribu wikiendi".

Hapa sitanii. Kukutwa na bastola isiyo na leseni yako si faini ya barabarani. Shtaka la kumiliki silaha kinyume cha sheria kwa kawaida husomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, na ukishaingia huko, dhamana yenyewe inakuwa safari ndefu. Hakuna .44 duniani inayostahili hilo.

*Kosa la kawaida:* kutoa kishika uchumba. Mtu anatoa nusu ya pesa ili "asiuziwe mwingine", halafu maombi yanakataliwa na hela imeshakula ada ya mtoto wa muuzaji. Kama ni lazima utoe chochote, yawepo maandishi, mashahidi, na sentensi inayosema pesa inarudi yote endapo kibali hakitatoka.

Hatua ya 2: Risasi

Bastola isiyo na risasi ni kipande cha chuma chenye ada ya kila mara. Kabla ya kuuliza bei ya bastola, zunguka kwenye maduka ya silaha yenye leseni uulize bei na upatikanaji wa risasi zake. Uliza kwa siku tofauti. "Zinakuja" siyo jibu.

Kwa uzoefu wangu risasi za milimita 9 ndizo rahisi kupata, na jinsi unavyopanda kwenye vipimo vikubwa ndivyo rafu zinavyokuwa tupu. Kwa .454 Casull au .500 unaweza kumaliza mji mzima bila kuona boksi. Halafu kumbuka kwamba idadi ya risasi unazoruhusiwa nayo ina ukomo wake. Ukipata chache tu, na huwezi kufanya mazoezi nazo, umenunua nini?

Sasa sehemu inayoleta ajali: majina.

"Arobaini na tano" siyo risasi moja. Kuna .45 ACP, fupi, ya mwaka 1905, ya bastola za magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) kama M1911. Kuna .45 Colt, ndefu, yenye ukingo, ya revolva. Haziingiliani. "Thelathini na nane" ni mbaya zaidi: .38 Special, .38 S&W na .380 ni tatu tofauti kabisa. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, soma kilichochongwa kwenye kitako cha ganda la risasi, vifanane.

Kuna habari njema pia. Revolva ya .357 Magnum hupiga .38 Special bila tatizo, na ya .44 Magnum hupiga .44 Special. Ganda la Magnum lilirefushwa kwa zaidi kidogo ya milimita 3 makusudi, ili lisiweze kuingia kwenye revolva dhaifu ya zamani. Kwa hiyo .357 ndiyo pekee kati ya hizi ninayoweza kumshauri mtu wa Dar bila kukunja uso: ukikosa risasi zake, unatumia .38.

Na hiyo ya marehemu mjomba? Ikiwa ni Webley ya Kiingereza, simama. Webley Mk VI, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1915, ilitengenezwa kwa risasi ya .455, risasi ya mwendo wa taratibu na shinikizo dogo. Baadaye nyingi zilikwanguliwa nyuma ya silinda ili zipokee .45 ACP kwa kutumia vibanio vya bati. Tatizo ni kwamba .45 ACP ya kawaida ina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo bastola hiyo ilijaribiwa nalo kiwandani. Inaweza kupiga leo, ikapiga kesho, na siku moja silinda ikapasuka karibu na uso wako. Ukikuta silinda ya Webley imekwanguliwa, ihesabu kuwa kumbukumbu ya familia, siyo silaha ya kupigia.

Hatua ya 3: Kazi yake ni nini?

Andika kwenye karatasi sentensi moja: "Naitaka kwa ajili ya…" Polisi watakuuliza hilo hilo, afadhali ujiulize kwanza.

Ukiandika "ulinzi wa nyumba", soma aya hii mara mbili. Risasi ya kawaida ya milimita 9 hutoka na nishati ya jouli 500 hivi. .45 ACP iko hapohapo, pamoja na sifa zote inazopewa. .357 Magnum hufika 700 hadi 800, .44 Magnum hupita 1,000, .50 AE hukaribia 2,000, na .500 S&W huenda zaidi ya 3,000. Sasa fikiria nyumba zetu: mlango wa mbao, dirisha la alumini, kizigeu cha jipsamu, na jirani wa Sinza ambaye ukuta wake na wako vimeachana hatua mbili. Risasi uliyokosea haishii kwako. Chumbani mlio wa Magnum hupita desibeli 160. Masikio yako yatakuwa hayafai kwa dakika ambazo ungehitaji kusikia kama mtoto amelia au mtu anapanda ngazi.

Ukiandika "natembea porini kikazi", kuna hoja, ingawa mwenye hoja hiyo kwa kawaida anahitaji bunduki ndefu. Ukiandika "shabaha na kupenda tu", hoja yako ni ya kweli lakini maombi yako yatakuwa mazito. Ukishindwa kuandika chochote, acha hapa. Utakuwa umeokoa pesa nyingi.

Hatua ya 4: Mkono wako

Ukubwa wa bastola kubwa uko pia kwenye mpini. Revolva ya .44 yenye mtutu wa inchi 6 na nusu ina uzito wa kilo 1.3 hivi kabla ya risasi. Desert Eagle ya .50 ni kilo 2. Jaribu kubeba hiyo kiunoni kwenye joto la Februari, ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, shati likiwa limelowa.

Ikiwa tupu, na umeithibitisha tupu kwa Hatua ya 5, ishike kama unavyotaka kupiga. Kidole kifike kwenye triga kwa pingili ya kwanza bila kupindisha mkono. Kama unalazimika kuzungusha kiganja ndipo ufike, mshindo utaelekea kwenye kiungo cha dole gumba badala ya kurudi kwenye mkono. Mpini unaweza kubadilishwa ukawa mwembamba zaidi, lakini fremu haipungui.

Hatua ya 5: Ihakikishe tupu

Mtutu uelekee mahali salama. Fungua silinda, toa kila kitu, hesabu vyumba (matundu ya silinda yanayobeba risasi), pitisha kidole kwenye kila chumba. Kwa bastola ya magazini: toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (chuma cha juu kinachoteleza nyuma), uitazame chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, na uiguse. Ukibadilisha mpangilio huo, yaani uvute slaidi na magazini ikiwa ndani, umeingiza risasi mpya ukidhani umeitoa. Hata kama muuzaji ameikagua mbele yako sekunde tano zilizopita, rudia. Risasi zote zihamishiwe meza nyingine.

Hatua ya 6: Ikiwa ni revolva

Hapa ndipo fedha zako zinapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishwe.

1. *Nafasi kati ya silinda na mtutu.* Funga silinda, itazame kwa upande dhidi ya mwanga. Pitisha fila geji. Milimita 0.10 hadi 0.25 ni kawaida. Zaidi ya hapo gesi na vipande vya risasi hutapikwa pembeni. Huna geji? Karatasi ya A4 ya kawaida ni kama milimita 0.1, zikipita tabaka tatu kwa pamoja, nafasi imezidi.

2. *Mchezo wa mbele na nyuma.* Shika silinda iliyofungwa, isukume mbele, ivute nyuma. Kusogea unakokuhisi kidogo tu, sawa. Kukigonga kwa sauti, ni dalili ya Magnum nzito nyingi.

3. *Mpangilio wa kufunga.* Vuta nyundo polepole sana kwa dole gumba huku kidole kingine kikiigusa silinda kwa breki nyepesi. Silinda lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila chumba, siyo kimoja. Kikiwepo hata kimoja kinachochelewa, risasi itaingia kwenye mtutu ikiwa pembeni na kukwanguliwa.

4. *Jaribio la kusukuma.* Nyundo ikiwa imevutwa, bila kugusa triga, isukume kutoka nyuma kwenda mbele kwa dole gumba. Ikianguka, maliza mazungumzo. Mtu ameichonga triga ili iwe laini.

5. *Mdomo wa nyuma wa mtutu.* Fungua silinda, mulika mahali risasi inapoingilia mtutu. Tafuta ufa, hasa upande wa chini kabisa. Kwenye Smith & Wesson Model 19 na ndugu zake wa fremu ya K (fremu ya ukubwa wa kati ya kampuni hiyo) wenye .357, sehemu hiyo ya chini ilipunguzwa ili silinda ipite, na risasi nyepesi za kasi za Magnum zimepasua mitutu mingi pale. Ufa, hata kama unywele, haurekebishwi.

6. *Juu ya fremu, penye ile nafasi.* Utaona mkwaruzo uliochimbwa na moto wa gesi. Kwenye Magnum hili ni la kawaida na huwa halizidi kina fulani. Usitishike nalo, ila usikubali muuzaji akuambie "ni alama ya kiwandani".

7. *Ndani ya mtutu.* Weka karatasi nyeupe nyuma, mulika, tazama mikondo, ile mifereji iliyochongwa ndani. Pete nyeusi iliyozunguka mahali pamoja ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Chuma kimevimba. Achana nayo.

8. *Mkono unaoshikilia silinda.* Funga silinda taratibu uone kama inakaa bila kulazimishwa. Wale waliojifunza silaha kwenye sinema huifunga kwa kuitupa kwa kiganja, na baada ya muda mkono huo hupinda.

9. *Skrubu.* Vichwa vilivyotafunwa vinakueleza kwamba kuna fundi wa bisibisi moja aliyepita humo. Uliza alitafuta nini.

Ukiletewa Ruger ya kuvuta nyundo kwa mkono kila mara, aina ya Blackhawk, hesabu skrubu za ubavuni. Zenye tatu ni za kabla ya 1973 na kwa asili hazikuwa na kizuizi kinachoitenga nyundo na pini ya kufyatulia. Ikidondoka na kupigwa kwenye nyundo, inaweza kufyatuka. Kiwanda kilitoa vifaa vya kuibadilisha bila malipo; kama haijabadilishwa, hubebwa na risasi tano, nyundo ikilalia chumba kitupu. Ukiona ina pini mbili badala ya skrubu tatu, hilo limekwisha kiwandani.

Na kutu. Hewa ya chumvi ya kwetu haina huruma. Bastola iliyokaa Kigamboni au Msasani bila kupakwa mafuta huliwa mahali usipopaona. Omba ruhusa mpini ufunguliwe, tazama chini yake. Kama muuzaji alikuwa anaihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, angalia upande uliolalia ngozi kwa makini zaidi: ngozi hushika unyevu na kuukabidhi kwa chuma.

Hatua ya 7: Ikiwa ni ya magazini

Fupi zaidi. Slaidi isicheze sana kushoto na kulia. Mtutu uangaliwe kwa njia ileile. Midomo ya magazini isiwe imepinda wala kuwa na ufa, kwa sababu nusu ya kukwama kote huanzia hapo. Springi ya kurudisha slaidi ni kitu cha kubadilishwa, kwa hiyo ikiwa imechoka, punguza bei tu.

Kwa M1911: ikiwa tupu, vuta nyundo, weka usalama, bonyeza triga kwa nguvu, achia, kisha ondoa usalama. Nyundo ikianguka, au ukiivuta nyuma kidogo ukasikia mlio wa kusogea, usalama haufanyi kazi. Rudia kwa ule usalama wa nyuma ya mpini: bila kuubonyeza, triga isifyatue.

Kwa Desert Eagle, jua kwamba inatumia gesi kama bunduki. Vichwa vya madini ya risasi peke yake, visivyovikwa shaba, huziba tundu lake la gesi. Muulize muuzaji alikuwa anapiga nini. Jibu lake litakuonyesha pia kama anaijua silaha yake.

Hatua ya 8: Kupiga

Ifanyike kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, mmiliki mwenye leseni akiwepo, kwa taratibu za uwanja. Kama wewe huruhusiwi kuigusa bado, apige yeye, wewe tazama na okota maganda.

Anza na risasi nyepesi kama inazikubali. Kama hujawahi kupiga Magnum, weka risasi MOJA tu kwenye silinda. Mshindo wa kwanza humfanya mgeni akaze kidole bila kukusudia, na revolva kubwa inaweza kufyatua ya pili ikiwa tayari inaelekea juu, hata kuelekea kichwani mwake. Ajali hizo zimetokea kwenye viwanja vya Marekani kwa watu waliokabidhiwa .500 iliyojaa.

Kisha soma maganda. Alama ya pini iwe katikati ya fataki, kile kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa ganda. Fataki iliyobapa sana, ganda lililopasuka au linalogoma kutoka, ni ishara ya shinikizo kubwa au chumba kilichoharibika. Muulize aliyesimama pembeni kama kuna kitu kimemchoma shavuni. Akisema ndiyo, rudi kwenye mpangilio wa silinda.

Ukibonyeza na isilie, shikilia mtutu kwenye shabaha, hesabu mpaka thelathini, ndipo ufungue. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usipige tena. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu.

Hatua ya 9: Bei

Linganisha na bei ya mpya ya risasi ndogo, siyo na bei ya mpya ya aina hiyohiyo. Ongeza bei ya risasi za mazoezi ya mwaka mmoja, ada, kabati la chuma la kufungiwa, na springi. Watu wengi wakifika hapa hugundua kwamba bastola mpya ya milimita 9 inawatoka kwa nafuu zaidi. Mimi huwaambia waichukue hiyo.

Ukikwama

*Namba inasomeka nusu, au imesuguliwa.* Usiisafishe, usiipige msasa "ionekane". Weka chini, ondoka, toa taarifa polisi. Aliyeisugua alikuwa na sababu, na hutaki alama za vidole vyako ziwe za mwisho juu yake.

*Muuzaji anasema leseni imepotea.* Aanze yeye polisi kwa taarifa ya upotevu na kupata nakala. Wewe subiri. Usimsindikize kwa kujitolea.

*Silaha ni ya marehemu.* Familia iipeleke polisi mapema, kabla hata ya kikao cha mirathi. Mrithi anayeitaka huomba kwa jina lake mwenyewe. Jina halibadilishwi kwa kurithi tu kama shamba. Kaka mkubwa kuiweka chini ya kitanda "mpaka arobaini ipite" ni kosa, hata kama nia ni njema.

*Silinda inagoma kuzunguka baada ya risasi kadhaa.* Mara nyingi ni chembe za baruti chini ya nyota ya kutolea maganda. Safisha kwa mswaki mkavu. Ikiendelea, angalia kama fimbo ya kutolea maganda imelegea. Hayo mawili yakiwa sawa, tatizo ni ile nafasi ya mbele, rudi kwenye geji.

*.357 inakataa kupokea risasi zake lakini .38 zinaingia.* Kuna pete ya masizi iliyojengwa na .38 fupi. Brashi ya shaba na kiyeyusho huimaliza. Usizisukume kwa nguvu.

*Kutu ya juujuu ya kahawia.* Mafuta na pamba laini ya shaba, taratibu. Mashimo ndani ya mtutu ni habari nyingine, hayasafishiki.

*Imepakwa nikeli.* Usitumie kiyeyusho chenye amonia, kitaibambua.

*Kila kitu kiko sawa ila fundi hayupo tayari kuandika maoni yake.* Tafuta fundi mwingine. Anayeweza kusema "nzuri tu" lakini hataki kuliandika na kutia sahihi, amekwisha kukujibu.

*Maombi yamekataliwa.* Uliza sababu kwa maandishi, dai pesa yako kwa mujibu wa makubaliano, na mwambie muuzaji aendelee kutafuta mteja mwingine.